Video Yangu ya Steve Ilikuwa Nusu Ukweli

Wasee, leo narekebisha kitu nilichosema mwenyewe.

Mnakumbuka ile video ya Steve? Ndiyo iliyonipa watazamaji wengi kuliko zote. Nilisimulia vile wapiga picha wa kawaida huko Alberta, Kanada, watu wa kukesha nje na kamera kwenye baridi, walinasa mstari wa zambarau angani, kusini kidogo ya aurora. Wakauita Steve, mzaha tu wa filamu ya katuni. Baadaye ikajulikana kwamba setilaiti ya Swarm ilipita katikati ya mstari kama huo. Vipimo vikaonyesha ukanda wa kilomita 25 hivi, gesi ikikimbia kuelekea magharibi karibu kilomita 6 kwa sekunde. Utafiti ulichapishwa 2018, na baadhi ya wapiga picha wakawa kwenye orodha ya waandishi.

Nikamaliza kwa kuuliza: sasa kampasi ni ya nini?

Mimi niliacha mwaka wa pili. Karo ndiyo sababu ya kwanza, uvivu ya pili, sitadanganya. Kwa hivyo hiyo stori ilinifaa sana. Shida ni kwamba mdogo wangu, yuko Kidato cha Nne, aliitazama akamwambia mama asijisumbue kutafuta karo yake.

Nilishtuka, manze. Nikaamua nijaribu mwenyewe kile nilichokuwa nikihubiri. Swarm ni setilaiti tatu za Shirika la Anga la Ulaya, zilirushwa Novemba 2013, na data yake ni ya bure kwa yeyote. Nikapakua safari chache za juu ya ncha ya kaskazini, nikachora grafu ya joto la elektroni. Mistari ikaruka juu ghafla. Nikazungushia duara nyekundu tano. Steve watano usiku mmoja!

Wapi. Ayonosfia ya huko haitulii hata siku moja. Kuna mabonge ya plazma nzito yanayoburutwa kutoka upande wa mchana, yakapita juu ya ncha hadi upande wa usiku, na hayo ndiyo huvuruga GPS kule. Kuna aurora yenyewe. Joto na msongamano vinapanda na kushuka kwa sababu nyingi, na grafu haikuambii ni ipi. Tena mikondo ya kasi ya aina ile wanasayansi walikuwa wakiiandika tangu miaka ya 1970. Eric Donovan wa Chuo Kikuu cha Calgary alipoonyeshwa zile picha, alijua atafute wapi kwenye data. Hiyo sehemu niliikata kwenye video. Ilikuwa inaniharibia stori.

Jumapili nikamwita mdogo wangu, nikamwonyesha duara zangu tano. Nikamwambia hakuna hata moja ninayoweza kuitetea.

Akaangalia kitambo, akauliza, "Sasa hii ni hesabu ya kidato gani?"

Nikamwambia mimi sikufika huko.