Jimu ya Nyumbani: Minnesota Ndiyo, Kigamboni Tufikiri Upya

Ramani za nyumba tunazochorewa siku hizi sisi tulio ughaibuni zimeongezeka chumba. Zamani tuliomba vyumba vitatu, sebule, jiko, stoo na choo cha wageni. Sasa, pembeni ya chumba kikuu, mchoraji anaweka mraba wa mita nne kwa nne na kuandika ndani yake: mazoezi. Ni sisi wenyewe tuliomwagiza. Mtu ameishi Marekani, Uingereza au Kanada miaka mingi, amezoea kuteremka ngazi za nyumbani kwake na kukuta vyuma viko tayari, na anataka raha hiyo hiyo siku atakaporudi Dar es Salaam, Arusha au Mombasa.

Mimi naishi Minnesota na ninajenga Kigamboni, Dar es Salaam, na chumba hicho kimekuwa mada ya simu nyingi kati yangu, fundi na wadogo zangu. Msimamo wangu ni huu: huku Minnesota, jimu ya nyumbani ni matumizi ya akili kwa mtu mwenye nafasi na nia. Kule nyumbani, kwa wengi wetu, fedha ile ile ina kazi nzuri zaidi ya kufanya. Afya ni ile ile pande zote mbili. Kinachotofautiana ni vizuizi, na jimu inatakiwa kujengwa kwa kuangalia kizuizi.

Tuanze na huku

Januari, hapa Minneapolis, usiku wa kawaida hushuka hadi nyuzi 13 chini ya sifuri, na siku za baridi kali huvuka hapo mbali. Desemba jua linazama saa kumi na nusu jioni na halichomozi hadi inakaribia saa mbili asubuhi. Njia za miguu zina barafu inayong'aa kama kioo, na mtu akiteleza anavunjika kiuno. Ongeza na kazi zetu. Watu wengi kutoka Afrika Mashariki hapa wanahudumia wagonjwa na wazee kwa zamu, na anayetoka kazini saa tano usiku hana hamu ya kuendesha gari tena kwenye theluji kwenda jimu.

Halafu nyumba zenyewe zina nafasi. Ardhi ya huku huganda wakati wa baridi, na msingi ni lazima ushuke chini ya kina kinachoganda, zaidi ya mita moja. Kwa kuwa shimo limeshachimbwa, wajenzi hulimalizia likawa ghorofa ya chini ya ardhi. Ndiyo maana nyumba nyingi za Minnesota zina ukumbi mzima chini ya sebule, wenye joto la kutosha na sakafu ya zege inayostahimili uzito. Chumba cha mazoezi hakijengwi kwa fedha mpya. Kipo tayari.

Hesabu nayo ni rahisi kuifanya. Planet Fitness, mtandao wa jimu unaojulikana kwa bei ndogo, uliwatoza wanachama wake wa daraja la kawaida dola 10 kwa mwezi kwa miaka mingi, hadi 2024 ulipopandisha kuwa dola 15 kwa wanaojiunga upya. Dola 15 kwa miezi 12 ni 180, na bado kuna ada ya mwaka. Upande wa pili, nguzo za kuwekea vyuma, mtaimbo wa kilo 20, sahani za uzito na benchi, vyote vipya, vinakula kati ya dola 1,000 na 1,500. Mtu mmoja atasubiri miaka mitano au zaidi kabla fedha yake haijarudi. Mume na mke wanaofanya mazoezi kweli watasubiri takriban mitatu. Na wapo wanaouza vifaa vyao kwa bei ya kutupa: Machi 2020 jimu zilipofungwa kwa sababu ya korona, watu waligombania vyuma hadi vikaisha madukani, na baadaye vingi viliingia soko la mitumba vikiwa karibu vipya.

Kabla ya kununua, pima dari. Mtaimbo wa kawaida una urefu wa mita 2.2, kwa hiyo chumba chembamba hakifai. Sahani kubwa zina kipenyo cha sentimita 45. Mtu wa kimo cha kawaida akisukuma chuma juu ya kichwa, mikono ikanyooka, mtaimbo unafika mita 2.1 hivi kutoka sakafuni, na nusu ya sahani inaongeza sentimita 22 na ushee. Dari nyingi za vyumba vya chini ya ardhi ziko kati ya mita 2.1 na 2.4. Wenye dari fupi huishia kufanya zoezi hilo wakiwa wamekaa, na si vibaya, ila ni afadhali kulijua hilo kabla ya kulipa.

Jambo moja halimo kwenye hesabu hizo: ukiwa chini kule uko peke yako. Hakuna wa kukushikia chuma kikikuelemea kifuani, kwa hiyo vyuma vya kukingia pembeni ni lazima. Hakuna wa kukuuliza jana ulikuwa wapi. Watu wa huku wamezoea maisha hayo, nasi tunajifunza kuyavumilia kwa sababu baridi haituachii njia nyingine.

Sasa nyumbani

Pita Dar es Salaam Jumapili alfajiri. Kabla jua halijapata nguvu, barabara za Temeke, Mbagala na Kinondoni zina vikundi vya jogging vilivyovaa fulana za rangi moja. Mbele kuna mwenye filimbi, katikati kuna anayeanzisha wimbo, na nyuma kundi zima linaitikia kwa mguu mmoja. Wapo vijana, wapo akina mama, wapo wazee wa miaka sitini. Wengine huelekea Coco Beach, wengine hupanda Daraja la Tanzanite lililoanza kutumika 2022, ambalo lina njia ya waenda kwa miguu juu ya bahari. Hakuna kadi ya uanachama ya kupitisha mlangoni.

Vikundi hivi havikimbii tu. Mwanachama akifiwa, wenzake wanachanga. Akilazwa, wanakwenda kumwona. Asipoonekana Jumapili mbili mfululizo, mtu anapiga hodi kwake. Ndiyo sababu watu wanaendelea miaka na miaka. Sisi tulio huku tunalipia programu za simu ili zitukumbushe kufanya mazoezi, ilhali kazi hiyo kule inafanywa na jirani.

Serikali nayo imesukuma jambo hili. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kupambana na magonjwa yasiyoambukiza, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kuwa siku ya mazoezi. Zanzibar, Januari 1 ni siku ya vikundi vya mazoezi kukusanyika kutoka pande zote. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na siku mbili au zaidi za kuimarisha misuli. Dakika hizo zinapatikana barabarani. Zile siku mbili za misuli ndizo zinazohitaji vyuma.

Na vyuma viko mtaani. Mdogo wangu anapiga tizi kwenye jimu ya uani huko Mbagala, chini ya mwembe, na mwenye jimu anatoza kwa siku. Uzito wake mwingi umetengenezwa pale pale. Wanachukua makopo mawili ya rangi yanayolingana, pamoja na bomba la chuma. Kila ncha ya bomba fundi wa kuchomelea anashikiza vipande vya nondo kwa kukingama, ili zege lisichomoke. Wanachanganya saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, wanajaza kopo la kwanza, wanasimamisha bomba na kuliegemeza hadi zege likamate, kisha wanageuza upande wa pili. Baada ya hapo wanamwagilia maji kwa wiki nzima, kama nguzo ya nyumba. Lita moja ya zege ina uzito wa karibu kilo 2.4, kwa hiyo kopo la lita nne linatoa kilo tisa na nusu hivi, na ndoo ya lita 20 inakaribia kilo 48. Vijana wa pale wana vifua ambavyo dola 1,500 hazijawapa wengi wetu.

Nilipomtumia mdogo wangu ramani yenye chumba cha mazoezi, alinijibu: "Dada, hicho chumba atakitumia nani? Wewe ukija utakuwa unakuja kwetu." Nimelitafakari jibu hilo sana, na naliona ni la haki.

Chumba kikihamishwa kama kilivyo

Tukichukua jimu ya Minnesota na kuipandikiza Kigamboni, matatizo yanaanza kwenye soketi. Umeme wa Marekani ni volti 120 na hezi 60. Wa Tanzania ni volti 230 na hezi 50. Mashine ya kukimbilia iliyonunuliwa huku, ukiichomeka moja kwa moja kule, utaiunguza. Itadai transfoma ya kushusha umeme ya wati 2,000 au zaidi, na transfoma haibadilishi hezi. Mashine hizo nyingi zina uzito wa karibu kilo 100 na zinakula nafasi kubwa kwenye kontena. Ikiharibika ubao wake wa umeme, kipuri chake kiko Marekani.

Kisha kuna upepo wa bahari. Kigamboni chumvi iko hewani, na vyuma vya bei nafuu vinashika kutu upesi kama havipanguswi na kupakwa mafuta. Kuna joto pia: chumba cha ndani chenye dirisha moja, mwezi wa pili, hakifai kwa mazoezi bila kiyoyozi, na kiyoyozi kinamaliza uniti za umeme wa LUKU.

Kuna watoto. Nyumba zetu zina watoto wa ndugu, watoto wa majirani, wanaingia na kutoka. Mei 2021 kampuni ya Peloton iliziondoa sokoni mashine zake za kukimbilia za Tread+ zipatazo 125,000 baada ya mtoto wa miaka 6 kufariki katika ajali ya mashine hiyo. Mwenye mashine ya kukimbilia, ya kampuni yoyote, achomoe ufunguo wa usalama kila amalizapo na auweke mbali, na chumba kifungwe.

Na kuna wageni. Shangazi akija kutoka kijijini kwa matibabu atalala wapi? Chumba cha mita nne kwa nne hakikai na vyuma wakati shangazi amelala kwenye kochi. Kitawekwa godoro, na ndivyo inavyopasa kuwa.

Wanaostahili chumba

Lakini wapo ambao barabara na jimu ya uani haziwafai, na hao tusiwasahau. Mitaa mingi mipya haina njia ya waenda kwa miguu, bodaboda zinapita kasi, na mwanamke anayekimbia peke yake alfajiri ana haki ya kuogopa. Wapo akina mama wanaotaka stara. Baadhi ya jimu za pwani zimetenga saa za wanawake, ila si kila mtaa una jimu kama hiyo. Wapo wazee wenye sukari na shinikizo la damu walioambiwa na daktari wafanye mazoezi, na hawawezi kufuata filimbi ya vijana.

Kwa hao, sehemu ya ndani ni ya lazima, na haihitaji kontena. Mkeka, kiti imara kisicho na magurudumu cha kukalia na kuinuka, mipira ya kuvuta, chupa za maji za lita moja na nusu zilizojazwa, ukuta wa kushikilia, na mlango unaofungwa. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kulinda mizani ya mwili siku tatu au zaidi kwa wiki, kwa sababu kuanguka ndiko kunakowalaza. Kuinuka kitini mara kumi bila kutumia mikono ni zoezi kamili kwa bibi wa miaka sabini. Akikaa naye mtu wa kumhesabia, atalirudia kesho.

Ninachoshauri

Mwenzangu uliye huku, kama una nafasi chini ya nyumba, umepima dari, na una mtu wa kufanya naye, nunua vyuma vya mitumba na uanze. Hutajuta baridi ikija.

Kwa nyumba ya nyumbani, mimi nimekifuta chumba kwenye ramani na kukiacha kiwe cha wageni. Nyuma ya nyumba, upande unaopata kivuli cha mchana, fundi atamwaga sakafu ya zege, ataweka nguzo nne na paa, na kati ya nguzo mbili bomba la kujivutia. Vyuma vya zege vitatengenezwa na vijana wa mtaani, walipwe kwa kazi yao. Panakuwa na hewa, panafagiliwa kwa dakika tano, na jirani anaweza kuingia bila kupita sebuleni.

Na kabla hujalipia kontena, wapigie simu wanaoishi kwenye nyumba hiyo. Waulize wanafanya mazoezi wapi, saa ngapi, na nini kinawazuia. Kama tatizo ni barabara mbovu, changieni taa na njia. Kama ni stara ya mama, mpe chumba chenye mlango. Kama hakuna kinachowazuia, nunua fulana ya kikundi chao, na ukifika likizo uamke nao alfajiri.