Mstari Usiofutika

Kila Jumanne baada ya kazi napanda basi hadi ukumbi mmoja kusini mwa London. Tunakaa kwa duara, watu kumi na wawili hivi, na katikati anasimama mtu asiye na nguo. Mwalimu anahesabu saa: dakika mbili, mkao mwingine, dakika mbili tena. Vifutio hatuletewi. Mkao wa mwisho ni wa dakika arobaini.

Nilifika pale na mistari yenye manyoya. Mkono wa mtu niliuchora kwa vipande vidogo vidogo kama ninayekwaruza, nikitumaini kimoja kitaangukia mahali pake. Mwalimu akanigusa kiwiko: mstari unatoka begani, vidole vinashika mkaa tu. Kisha akanionyesha uzito. Mtu akisimamia mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda, na bega la upande huo hushuka. Shusha timazi kutoka shimo la koo; itafika karibu na kifundo cha mguu uliobeba mwili. Ukikosa hapo, hata uso uupambe vipi, mtu wako anaanguka.

Desemba nilikuwa nyumbani Ruiru. Siku moja nikapanda matatu hadi Thika, na huko Makongeni nikamkuta fundi akichora kichwa cha kijana kwenye ukuta wa kinyozi. Nilisimama karibu saa nzima. Alipiga uzi wa chaki apate mlalo, akaegemeza mkono juu ya fimbo iliyofungwa kitambaa nchani usije ukagusa rangi mbichi, akashusha brashi kutoka kwenye paji la uso, puani, midomoni, hadi kidevuni, bila kuinua. Mstari ulianza mwembamba, ukanenepa chini ya taya palipo na kivuli. London nimewahi kuona mikono michache sana yenye uhakika ule.

Nikamuuliza alijifunzia wapi.

"Rangi ni pesa, bosi. Ukikosea, unapaka ukuta upya."

Lakini mabegani alikomea. Wateja hulipia mtindo wa nywele, akasema. Hakuna aliyewahi kumwagiza miguu. Na uso wenyewe aliutoa kwenye picha ya simu, ambayo haina uzito wa kupima.

Sidhani tunahitaji kuwavua watu nguo ili tujifunze mwili. Patrick Mukabi, ambaye amewalea wachoraji wengi Nairobi, amejenga jina kwa kuchora akina mama wa sokoni, tena mara nyingi kwa mgongo, na chini ya leso na sweta unaona wazi mguu upi umebeba mtu. Hilo linapatikana bure kila asubuhi kwenye stendi yoyote ya Ruiru. Tofauti ni kwamba hakuna anayekaa dakika arobaini. Unatazama, anaondoka, unachora ulichokishika.

Kabla ya kurudi nilikaa stendi na daftari la shule na kalamu ya wino ili nisiweze kufuta. Kurasa za kwanza zilikuwa mbaya. Kufikia saa nne nilikuwa nimemchora mama mmoja kwa mistari sita au saba: shingo, mgongo uliopinda, nyonga iliyopanda, kisigino. Matatu lilipokuja alikwea. Makanga mmoja akainama kutazama.

"Huyu amebeba nini?" akauliza.

Gunia sikuwa nimelichora.