Boksi la Kadi Lililofungwa: Ni Biashara au ni Bahati Nasibu?



Maalim zetu walitupa nafasi hii ya kuandika katika jarida letu ingawa mada yenyewe iliwachekesha kidogo. Sisi ni ndugu watatu, wawili wanaume na mmoja mwanamke, tuliozaliwa hapa Uingereza kwa wazee waliotoka Unguja, nasi tunakusanya kadi. Si karata, kama alivyodhani Bibi siku ya mwanzo alipoziona juu ya meza akaomba ziondolewe kabla ya Magharibi. Ni kadi za mchezo uitwao Magic: The Gathering, zenye picha za majoka, wachawi na mashujaa wa nchi zisizokuwepo. Wanafunzi wengi wanazijua hizi au wenzake, Pokémon na Yu-Gi-Oh!, na wazazi wengi wanazijua kwa bei yake tu.

Mchezo huu aliubuni Richard Garfield, mtaalamu wa hisabati wa Marekani, na kampuni ya Wizards of the Coast ya jimbo la Washington ikautoa mwaka 1993. Kadi huuzwa katika pakiti zilizofungwa, na anayenunua hajui ndani mna nini. Kwa miaka mingi pakiti moja ilikuwa na kadi 15: nyingi za kawaida, tatu zisizopatikana kirahisi, na moja adimu. Pakiti 36 zikitiwa pamoja ndipo hupatikana boksi zima, lililofungwa kiwandani kwa nailoni. Siku hizi kadi zimepungua zikawa 14, na maboksi mengine yana pakiti 30 tu, lakini bei haikupungua.

Tunaulizwa sana kwa nini tununue boksi zima wakati pakiti moja mtu anaweza kuinunua kwa fedha ya chakula cha mchana. Sababu ni kwamba pakiti iliyotolewa bokisini haiaminiki. Katika maboksi ya zamani kadi adimu zilipangwa kwa utaratibu unaojirudia, na wajanja wakaujua. Mtu alikuwa akifungua pakiti chache tu, akapiga hesabu, akatambua pakiti zipi zilizobaki zina kitu na zipi hazina. Zenye kitu alijiwekea, zisizo na kitu zikarudi kaunta kumngojea mtoto mwenye pauni zake nne. Yule mtoto naye alidhani amebahatisha kama wenzake, kumbe matokeo yalikwishajulikana na mtu mwingine kabla hajatoa fedha mfukoni. Boksi lenye nailoni yake ya kiwandani linaondoa dhulma hiyo.

Linaiondoa kama nailoni ni ya kweli. Kisa kilichovuma ni cha Logan Paul, kijana maarufu wa Marekani, aliyenunua katoni ya maboksi ya Pokémon ya toleo la kwanza kwa dola milioni 3.5. Ilikuwa imekaguliwa na kuthibitishwa na watu wa kazi hiyo. Ilipofunguliwa mwezi wa Januari 2022 zikatoka kadi za G.I. Joe, yaani za askari wa kuchezea. Kila mwenye boksi juu ya kabati lake alilala vibaya wiki ile, na sisi tulikuwa miongoni mwao.

Baba hakuwa na haja ya visa hivyo. Alituuliza swali moja tu wakati wa chakula cha usiku: “Hicho mnachonunua, mnakijua?” Tukanyamaza, kwani tulilielewa swali limetoka wapi. Sote tumesomeshwa kuwa Mtume (S.A.W.) amekataza biashara ya gharari, yaani kuuziana jambo lisilojulikana, na tumesomeshwa kuwa kamari ni haramu. Fedha yetu ilikuwa ya sikukuu mbili pamoja na ujira wa mkubwa wetu wa Jumamosi. Kama jawabu lingekuwa ni haramu, basi haikuwa na maana kubishana juu ya nailoni.

Tukaenda kwa maalim wetu na boksi mkononi. Hatukuficha kitu. Tulimweleza hata kwamba kanuni za mwaka 1993 zilikuwa na sharti la kila mchezaji kuweka kadi moja pembeni, na mshindi akaichukua. Hiyo ni kamari isiyo na shaka, na maalim alisema hivyo kabla hatujamaliza sentensi. Lakini sharti hilo liliachwa zamani. Tangu 1995 kampuni haikutoa tena kadi za namna hiyo, na zile zilizolitaja zimepigwa marufuku mashindanoni. Tukamkumbusha pia kwamba wanazuoni wa Saudi Arabia waliipiga marufuku Pokémon mwaka 2001, na mojawapo ya sababu walizozitaja ni kamari. Akasema anaikumbuka. Hata picha hakuzisahau, akauliza juu ya majini na mashetani. Tukamwambia kuwa yapo, na kwamba seti ya Desemba 1993 ilichotwa kutoka Alfu Lela Ulela, ikawa na kadi iliyoitwa Jihad ambayo kampuni yenyewe iliipiga marufuku mwaka 2020 pamoja na nyingine sita kwa kuwa zinaudhi. Akatikisa kichwa tu.

Jawabu lake halikuwa la neno moja. Alisema wako wanaoona pakiti yoyote iliyofumbwa haifai, kwa sababu mnunuzi anatoa fedha kwa ajili ya kile asichokijua. Na wako wanaoona inafaa ikiwa idadi inajulikana, kila kadi ina matumizi, na bei ni ya kile chote kilichomo na si ya tamaa ya kimoja. Kisha akatuuliza: mkifungua boksi hili msipate hata kadi moja ya thamani, mtakuwa mmenunua nini?

Hapo ndipo tulipotengana wenyewe kwa wenyewe. Mdogo wetu wa kike alijibu papo hapo kwamba amenunua mchezo. Mkubwa wetu alisema amenunua boksi, na hana nia ya kulifungua. Wa kati hakusema kitu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akifuatilia habari za ile pete ya mwaka 2023. Mwaka ule ilitolewa seti ya hadithi za Tolkien, na ndani ya pakiti zote za dunia nzima ikatiwa kadi moja tu ya pete yenye namba 1 ya 1. Ilipatikana Toronto, ikanunuliwa na mwimbaji Post Malone, na bei iliyotangazwa ilikuwa dola milioni 2. Watu walivunja maboksi kwa maboksi kuitafuta, na kadi nyingine zikawa kama maganda ya karanga sakafuni. Kwa maoni yetu, aliyenunua kwa nia ile alikata tikiti ya bahati nasibu hata kama dukani aliandikiwa risiti ya mchezo.

Basi tukawa na maboksi mawili na nia mbili, tukaona heri kila nia ipate boksi lake. La kwanza tulilifungua Idi. Hatukulifungua kwa pupa. Kila mmoja huchukua pakiti moja, akachagua kadi moja, zilizobaki akampa wa kushoto, mpaka ziishe. Pakiti tatu kwa kila mtu, yaani tisa kwa kikao kimoja. Boksi likatupa vikao vinne, na kila kikao kilimaliza usiku mzima baina ya Isha na kulala. Tulipojumlisha bei ya kadi zote hazikufika nusu ya fedha tuliyotoa. Nani aliyekuwa na habari? Mdogo wetu ametushinda mara tatu, na hadi leo hatupumziki.

La pili liko juu ya kabati. Hilo ni la kuuza, na tusijidanganye kuwa thamani yake ni yetu sisi. Mwaka 1995 kampuni ilichapa upya kadi nyingi za zamani, wakusanyaji wakapiga kelele, na mwaka 1996 ikaahidi orodha ya kadi ambazo haitazirudia. Kadi za boksi letu hazimo katika ahadi hiyo. Kesho wakizichapa tena, bei inaweza kushuka.

Bibi alisikiliza maelezo yote haya kwa utulivu, kisha akauliza jambo ambalo hata wakusanyaji wakubwa hatujawasikia wakiulizana: “Mmelitolea zaka?” Tukacheka, yeye hakucheka. Maalim akathibitisha kuwa kitu kilichonunuliwa kwa nia ya kuuzwa ni mali ya biashara, hupigiwa hesabu kwa bei ya siku mwaka unapotimia, na katika madhehebu yetu ya Shafii hata mali ya mtoto hutolewa zaka na walii wake. La kuchezea halina hesabu hiyo.

Kwa hiyo tumebandika karatasi chini ya boksi, imeandikwa tarehe ya kununua, bei, na maneno “kwa kuuzwa”, ili asije mmoja wetu akabadilisha nia siku ya hesabu. Mwaka wa kwanza halikufika nisabu. Baba analipiga hesabu tena mwezi wa Ramadhani, pamoja na kila kitu kingine cha nyumba.