Dubu Aitwaye kwa Filimbi

Upande wa kusini-mashariki wa Alaska, jimbo la Marekani ambalo ukubwa wake wapata mara tatu ya Kenya, bahari imejaa visiwa vya milima na misitu mizito. Katika mji wa Ketchikan mvua hupita milimita 3,000 kwa mwaka. Mwindaji aingiapo msituni humo hawezi kumwona mnyama aliye hatua thelathini mbele yake. Kwa hiyo wengine hawamfuati dubu, bali humwita.

Wito wenyewe ni kilio cha mtoto wa ayala, mnyama ambaye kwa umbo hakosi kufanana na kulungu. Ayala huzaa karibu na mwezi wa Juni, na dubu huwatafuta watoto hao kabla miguu yao haijapata nguvu. Wenyeji wa huko, Watlingit, tangu zamani walitengeneza filimbi kwa vipande viwili vya mti na utepe mwembamba katikati. Mtoto wa Kenya aliyepata kupuliza jani la nyasi kati ya vidole gumba viwili ameijua nusu ya kazi hiyo.

Nusu ya pili ni ngumu. Sauti ikikatika, dubu husimama, huinama kula majani, au hurudi alikotoka. Basi mpulizaji hupuliza pasipo kupumzika, pengine nusu saa nzima, mpaka midomo imfe ganzi. Kujificha nako si kujifunika majani tu. Macho ya dubu hayapiti sana ya binadamu, lakini pua yake haina mfano. Upepo ukigeuka, kazi yote imekwisha. Mwindaji hukaa upepo ukimpiga usoni, ameegemea shina nene, hatikisiki. Na kwa kuwa dubu mzoefu huzunguka ili anuse kwanza, mwenzake huketi akitazama upande wa pili, bunduki magotini.

Tahadhari hiyo si ya woga. Dubu aliyeitwa haji kama mwindwa. Huja kama mwindaji, ili amle huyo anayelia. Pengine huja mbio, na mlio wa matawi yavunjikayo ndio habari ya kwanza.

Tena yafaa kujua ni kisiwa gani. Prince of Wales, chenye ukubwa kama wa Unguja nne, kina dubu weusi tu. Admiralty, kilicho kaskazini yake, hakina mweusi hata mmoja. Ni makao ya dubu wa kahawia, wapatao 1,600 kwa makadirio, wakubwa zaidi na wakali zaidi. Katika visiwa vya dubu hao, watu waliopuliza filimbi wakitaka ayala wa kitoweo wameinua macho wakaona dubu amekwisha kufika.

Sheria ya Alaska hukataza kumpiga jike aliye na watoto, lakini filimbi haichagui, naye husikia kama wengine. Atokeapo, mpulizaji hunyamaza, huinuka polepole, na kusema kwa sauti ya kawaida ili ajulikane kuwa ni binadamu. Mara nyingi jike huwakusanya watoto wake akaenda zake.