Ghuba Ndogo Itazamayo Kisiwa cha Robben

Ndugu msomaji, safari ikikufikisha Cape Town, usiridhike kuutazama Mlima wa Meza peke yake. Fuata njia ya pwani itokayo Green Point kwenda Sea Point, nawe utaikuta ghuba ndogo yenye mawe mengi iitwayo Three Anchor Bay. Maji yake ni ya Bahari ya Atlantiki, nayo ni baridi hata wakati wa kiangazi. Simama hapo uelekeze macho kaskazini: siku isiyo na ukungu utakiona Kisiwa cha Robben.

Katika ghuba hiyo, tarehe 19 Julai 1965, mshairi Ingrid Jonker alijitosa baharini akafa maji. Alikuwa na umri wa miaka 31, na alimwacha binti mdogo.

Maisha yake hayakuwa na utulivu tangu utotoni. Wazazi wake walitengana, na mama yake akafariki Ingrid angali mtoto. Baba yake, Abraham Jonker, alikuwa Mbunge wa National Party, chama cha ubaguzi wa rangi, na aliongoza kamati ya Bunge iliyoshughulikia sheria za kudhibiti maandishi. Binti alizipinga sheria hizo hadharani. Huzuni ilimzidi hata akapata kulazwa hospitali.

Walakini kalamu yake haikulala. Mwaka 1960, siku chache baada ya mauaji ya Sharpeville, mtoto Mwafrika aliuawa kwa risasi za askari huko Nyanga, nje ya Cape Town. Ingrid, aliyekuwa mama naye, alimtungia shairi kwa Kiafrikana, lugha ileile ya watawala.

Sasa kitazame tena kile kisiwa. Ingrid alipokufa, Nelson Mandela alikuwa mfungwa huko. Tarehe 24 Mei 1994, akiwa Rais, Mandela alisimama mbele ya Bunge, akalisoma shairi hilo, akasema kwamba mtunzi wake alikuwa Kaburu na Mwafrika pia. Hivyo Bungeni, mahali baba alipotaka kuziba vinywa vya waandishi, ndipo maneno ya binti yaliposikika.

Basi, msomaji, ukirudi nyumbani ukamwona kijana wako amejitenga akiandika kimya kimya, usimkemee. Kaa karibu naye, umwulize ana nini moyoni.