Chakula cha Asubuhi cha Msafiri

Mtu akirudi safarini huulizwa habari za njia, za mvua na za ndugu aliowakuta. Ni wachache wanaomwuliza: Asubuhi ulikula nini? Walakini swali hilo lina maana. Chakula cha mchana mgeni huandaliwa, na mwenyeji hujitahidi kumpa kilicho bora. Asubuhi sokoni hula kile wanachokula watu wote kabla ya kwenda kazini, na hapo huijua nchi jinsi ilivyo.

Mwaka 2022 tulisafiri kutoka Bukavu hadi Lubumbashi, kwa gari, kwa chombo cha ziwani na kwa gari la moshi. Tuliazimia kula asubuhi kwa akina mama wa soko, tena kuwauliza kila chakula kimetoka wapi.

Tulianza katika soko la Kadutu, huko Bukavu. Mapema akina mama huketi kando ya makarai ya mafuta, wakikaanga maandazi madogo ya mviringo ambayo Wakongo wengi huyaita mikate. Msafiri wa pwani akiomba mkate, asishangae akipewa hayo! Pamoja nayo huuzwa uji wa sosoma. Jina hilo limeungwa kwa mianzo ya maneno matatu ya Kifaransa, sorgho, soja na maïs, yaani mtama, soya na mahindi. Bakuli moja la uji huo humfikisha mwanafunzi hadi saa sita bila tumbo kumsumbua.

Mama mmoja alikuwa akiuza mikate midogo sana, nasi tukamwuliza sababu. Akajibu: «Papa, nikipandisha bei, watoto wa shule hawatanunua. Basi bei inabaki, na mkate ndio unakonda.» Tulicheka pamoja naye, lakini neno lake lilikuwa zito. Kongo hulima ngano kidogo mno. Unga wake hutoka mbali. Vita vilipopamba moto nchini Ukraine, Februari ya mwaka ule, bei ya ngano ilipanda duniani, na taabu hiyo ikafika hata katika karai la mama asiye na shamba la ngano wala meli. Kutoka katika karai hilo, alituambia, hupata karo ya watoto wake.

Kando yake walikaangwa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu. Watoto wengi wa Bukavu hufikiri kwamba sambaza wamekuwako tangu enzi za mababu. Sivyo. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, nao wakazaana sana. Maji ya Kivu hushuka Tanganyika kwa mto Ruzizi. Samaki huyu alipanda kinyume cha maji, akichukuliwa kwa mikono ya watu.

Sisi nasi tukashuka kuufuata mto huo mpaka Uvira, tukawakuta ndugu zake, ndakala. Wavuvi hutoka katika usiku wa giza wakiwasha taa, na samaki huufuata mwanga hata wakaingia wavuni. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, na wavuvi hupumzika. Kwa hiyo anayependa ndakala wabichi hana budi kutazama mbingu kabla ya kufungua mkoba. Tuliwala wakiwa moto, pamoja na muhogo wa kuchemsha, nasi hatukutamani kitu kingine.

Hapa yafaa tuseme neno la hadhari. Huko Uvira, na hata Kalemie, kipindupindu hurudi mara kwa mara. Msafiri ashike kanuni iliyo rahisi: ale kinachotoka motoni mbele ya macho yake, anywe chai iliyochemka, anawe mikono kwa sabuni. Asiogope kwamba atamwudhi mwenye kuuza. Mama mwema hakasiriki mgeni akiomba maji ya kunawa, humwagia mwenyewe.

Mwisho wa safari ulikuwa Lubumbashi, katika soko la komini ya Kenya. Huko huuzwa kikanda, chakula cha rangi ya udongo kinachokatwa vipande kwa kisu na kuliwa na pilipili. Mgeni hudhani ni nyama, wala nyama haimo. Ni viazi vidogo vya okidi, maua ya porini, vilivyokaushwa na kutwangwa, vikapikwa na unga wa karanga hata vikashikamana. Utamu wake haukatai mtu.

Lakini mchimbaji aking'oa kiazi, huua na ua lenyewe. Zambia nao hupenda chakula hicho, wakikiita chikanda, na viazi vyake vimechimbwa hata katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania ili kupelekwa huko. Kulinda maua hayo ilikuwa sababu mojawapo ya kuanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo mwaka 2005. Porini pasipoachwa okidi za kutoa mbegu, mama wa kikanda naye atakosa cha kuuza.

Basi twaona kwamba katika kitafunwa kidogo mna ngano ya ng'ambo, mna giza la usiku ziwani, mna ua la porini, na juu ya yote mna jasho la mama aliyeamka kabla ya jogoo. Februari 2025, vita vilipofika Bukavu, tuliwakumbuka kwanza akina mama wale wa Kadutu, kwa maana anayeishi kwa mauzo ya siku moja, siku moja ya soko kufungwa ni siku moja ya njaa.

Vijana, mnaposafiri msikidharau chakula cha soko, wala msione haya kuketi katika kigoda cha mama wa mikate. Muulizeni kimetoka wapi, mlipeni bila kumkaba kwa faranga chache, na mkimaliza mshukuruni. Wazee walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Msafiri anayenunua asubuhi kwa haki humponya mwenyeji mpaka jioni.