Nyalukemba: Kabla ya kukata waya, soma herufi ya bwati

Katika magaraji ya kando ya barabara hapa Nyalukemba, gari la zamani lenye kompyuta likianza kusumbua, dawa inayotajwa kwanza ni moja: ondoa kompyuta, weka karbirateri. Mafundi wengi wamejifunza kazi juu ya karbirateri. Wanaifungua kwa turnevisi, wanapuliza jikleri, wanarudisha, gari linaondoka. Kompyuta haifunguliwi kwa turnevisi, na mashine ya kuipima fundi mdogo hana.

Wana sababu nyingine pia. Esanse ya Kadhafi, ile inayouzwa kwa bidoni na chupa, mara nyingi ina maji na uchafu. Mwenye enjeksioni anaumia zaidi, kwa sababu vitundu vyake ni vidogo mno, na pompi yake iliyo ndani ya tangi inapozwa na esanse hiyohiyo inayoivuta. Kwa hiyo fundi anayesema "tutoe kompyuta" si mwizi. Shida ni kwamba anaangalia motere tu, wakati gari hizi nyingi zilizotoka Japani zina bwati ya otomatiki.

Baba mmoja wa watoto watano alikimbia upande wa Minova mwezi wa kwanza mwaka 2025, familia nzima ndani ya Toyota Corolla ya miaka ya 1990. Mwezi uliofuata vita ikafika Bukavu yenyewe. Leo wanaishi Nguba, katika chumba cha nyuma kwa shemeji, na Corolla hiyo ndiyo shamba lao: inabeba watu kati ya Nguba na Nyawera, na jioni inaleta unga.

Ikaanza kukataa asubuhi. Baridi ya Bukavu ikiwa bado iko, dereva anazungusha ufunguo mpaka batri inakufa. Na gari la otomatiki, hata mkusanye vijana kumi, halisukumwi likawaka. Mchana likishapata joto, halina neno. Taa ya motere ilikuwa inawaka kwenye tablo, lakini alishazoea kuiona.

Fundi wa kwanza akampa bei ya karbirateri, distribita na kazi. Ilikuwa sawa na garanti ya nyumba ambayo mama wa watoto amekuwa akiiweka kidogo kidogo ili watoke kwa shemeji. Mama akauliza swali moja tu: "Papa, na isipopona?"

Swali hilo ndilo lililowapeleka kwa fundi mzee, upande wa Muhumba. Mzee hakugusa motere. Alifungua boneti akatafuta kibati cha chuma kilicho kwenye ukuta wa nyuma. Maandishi ya kibati ni ya Kijapani, lakini alama za bwati zinasomeka na kila mtu. Akasoma: A245E. Akafunga boneti akasema, "Mwanangu, hii usiikate."

Katika bwati za namna hii za Toyota, herufi ya mwisho ndiyo inayosema. A131L, kwa mfano, ina gia tatu na haisubiri amri ya kompyuta. Inajua nguvu ya mguu wa dereva kwa waya wa kuvuta unaotoka pale panapofunguka hewa ya motere. Ukikanyaga, waya unavutwa, na shinikizo la mafuta ndani ya bwati linapanda. Bwati hiyo inaweza kuishi na karbirateri, ila waya lazima ufungwe vizuri, uvutike kwa urefu uleule kama zamani. Fundi akiuning'iniza ovyo kwa kipande cha chuma, shinikizo linabaki chini, visahani vya ndani vinateleza na kuungua. Gari litatembea siku chache, mafuta ya bwati yatakuwa meusi na kunuka moto, halafu kazi imeisha.

Ile yenye E ni jambo lingine. Gia zake zinabadilishwa na kompyuta, kwa kusoma mwendo wa gari na kiasi ambacho mguu umekanyaga. Ukitoa kompyuta umetoa akili ya bwati. Ukiweka D mara nyingi inabaki kwenye gia ya juu, na dereva anabaki kuvuta mkono kutoka L, kisha 2, kisha D, kila kona. Kwa milima ya Bukavu na abiria wanne ndani, hiyo si taksi tena.

Mzee akatafuta kisanduku kidogo cha plastiki karibu na motere, kilichoandikwa DIAGNOSTIC. Kwa kipande cha waya akaunganisha matundu mawili, TE1 na E1, akiangalia vizuri asikosee tundu. Akafungua ufunguo bila kuwasha motere. Taa ya kwenye tablo, ile waliyoizoea, ikaanza kukonyeza: mara mbili, ikanyamaza kidogo, mara mbili tena. Ni 22. Kama hakuna kosa, inakonyeza mfululizo bila kupumzika. Magari mengi ya Toyota ya miaka ile yanasema hivyo, bila mashine yoyote.

22 ni kapteri ya joto la maji ya motere. Kompyuta ikikosa habari zake, inafanya kama vile motere tayari ni ya moto, kwa hiyo asubuhi haiongezi esanse. Waya ulikuwa umekatika kwenye plagi. Ukaungwa, plagi ikasafishwa, batri ikaondolewa kidogo ili kosa lifutike. Kesho yake saa kumi na moja na nusu Corolla ikawaka kwa mara ya kwanza. Garanti ya nyumba iko palepale.

Mwenye bwati ya L ambaye bado anataka karbirateri, mzee ana masharti mawili zaidi kwake. La kwanza ni pompi. Enjeksioni inasukuma esanse kwa bari 2.5 hadi 3. Karbirateri inataka bari 0.2 au 0.3 tu. Pompi ya zamani ikibaki, esanse inafurika juu ya motere ya moto, na gari linaweza kuungua na watu ndani. La pili ni mwinuko. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, Uvira karibu 800. Kompyuta inajirekebisha yenyewe. Karbirateri inabaki kama ilivyofungwa. Iliyopangwa kwa hewa nyepesi ya hapa, ukiteremka Ngomo mpaka Kamanyola inakosa esanse ya kutosha, na motere inapata joto. Wanaofanya njia hiyo wabebe jikleri za saizi mbili, au wasiikate kompyuta.

Baba wa Corolla sasa anaacha esanse ya Kadhafi ilale usiku ndani ya bidoni nyeupe. Asubuhi anamimina polepole kupitia kitambaa, na maji yaliyotulia chini anayaacha.